Chapman: Alifungiwa Maisha, Akarudi na Makombe

Nyie washabiki wa Arsenal mnaotupigia kelele kila wikiendi, hivi Herbert Chapman mnamjua? Wengine najua mtasema ni mchezaji wa akiba. Haya, tulieni niwape habari.

Jamaa alizaliwa 1878 kule Yorkshire, baba yake mchimba makaa ya mawe. Uwanjani hakuwa mtu wa kutisha. Alihamahama timu kama mpangaji anayekwepa kodi, na pale Tottenham alijulikana zaidi kwa viatu vyake vya njano! Mwaka 1907 akarudi Northampton, huku anacheza huku meneja, na 1909 wakabeba Ligi ya Kusini.

Balaa lilimkuta Leeds City. Ikadaiwa kwamba wakati wa Vita Kuu ya Kwanza klabu iliwalipa wachezaji pesa za mlango wa nyuma. Viongozi wakakataa kutoa vitabu vya hesabu. Mwaka 1919 klabu ikafutwa, wachezaji wakapigwa mnada hotelini kama makochi, na Chapman akafungiwa maisha. Alipona 1921 kwa hoja kwamba wakati huo alikuwa akisimamia kiwanda cha silaha. Mimi hapo naguna kidogo. Meneja mkali vile asijue wachezaji wake wanakula wapi?

Basi Huddersfield wakamchukua. Kombe la FA 1922, ubingwa 1924 na 1925. Halafu huyoo, Arsenal, timu iliyokuwa imenusurika kushuka daraja na haikuwa na kombe lolote kubwa.

Alimnunua Charlie Buchan toka Sunderland kwa pauni 2,000, pamoja na pauni 100 kwa kila goli la msimu wa kwanza. Buchan si akatia 21! Mwaka huohuo, 1925, sheria ya kuotea ilibadilishwa, na Newcastle wakawapiga Arsenal 7-0. Buchan akashauri sentahafu arudi nyuma acheze kama beki, Chapman akakubali. Siku mbili baadaye waliichapa West Ham 4-0. Bosi wa kumsikiliza mchezaji namna hiyo wangapi?

Kombe la FA likaja 1930, tena mbele ya Huddersfield yake mwenyewe, kisha ubingwa 1931 na 1933. Hata stesheni ya treni ya Gillespie Road aliwabana wakubwa wa reli mpaka 1932 ikaitwa Arsenal, jina lililopo mpaka leo.

Januari 1934 alikuwa na mafua, lakini kwenye baridi ile akaenda Guildford kuitazama timu ya tatu. Timu ya tatu jamani! Nimonia ikamchukua tarehe 6, akiwa na miaka 55.

Huddersfield walibeba ubingwa mara tatu mfululizo, yeye akaondoka baada ya wa pili. Arsenal nao wakabeba mara tatu mfululizo, 1933, 1934 na 1935. Alioushuhudia ni ule wa kwanza tu.