TABO RAHISI SI ADUI WA GARI KUUKUU

Tumezoea kuambiwa kwamba rahisi ni ghali. Gari la zamani likiharibikiwa na tabo, watu hutikisa kichwa na kusema mwenyewe alijitakia kwa kununua spea za bei ya chini. Mimi nasema hapana. Tabo nyingi haziuawi na bei. Zinauawa na kukosa oili safi.

Kwa wale wasiokijua chombo hiki, tabo ni feni mbili zilizofungwa kwenye ncha za shafti moja. Moshi unaotoka injini huzungusha feni ya kwanza, nayo ya pili huvuta hewa na kuisukuma ndani ya injini kwa nguvu. Mhandisi Alfred Büchi wa Uswisi aliomba hataza ya wazo hilo mwaka wa 1905. Shafti hiyo inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja. Hebu fikiria! Kwa mwendo huo haifai kusuguana na chuma kikavu, kwa hivyo huelea ndani ya utando mwembamba wa oili. Utando ukikatika hata kwa muda mfupi, kwaheri tabo, iwe ya bei ya ng'ombe au ya bei ya kuku.

Mjomba wangu, ambaye ndiye anayenilipia karo, ana Pajero ya 1994 ya dizeli anayobebea maziwa na mboga kutoka Kinangop hadi Naivasha. Mwaka jana tabo ilikufa, gari likawa linapanda mlima kama mzee mwenye pumu huku likitoa moshi mweusi. Akanunua nyingine mpya ya bei nafuu. Ilidumu wiki tatu tu. Sote nyumbani tukamlaani muuzaji, na mjomba akaanza kuchanga pesa za kununua ya bei mara tatu. Mimi nikarudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Ndipo fundi mmoja mzee, ambaye gereji yake iko kando ya njia tunayopita sisi wa shule ya kutwa, akafungua lile bomba dogo linalopeleka oili kwenye tabo. Akalipuliza kwa mdomo. Pumzi haikupita! Ndani mlikuwa na masizi magumu kama makaa. Sasa niambieni, hiyo ya bei mara tatu ingepona?

Basi mwenye pesa kidogo achague nini? Ukienda Grogan, yaani barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, utapata tabo za mtumba kutoka Japani, mpya za kuiga, na pia katriji, yaani moyo wa tabo peke yake, ambao hufungwa ndani ya maganda ya ile ya zamani. Mimi naunga mkono katriji, mradi maganda yako hayajapasuka wala kukwaruzwa na feni. Unalipia kile kilichokufa tu. Lakini uliza kama imesawazishwa kwa mashine, na uonyeshwe karatasi yake. Ya mtumba pia si mbaya. Ishike shafti kwa vidole: ikicheza kidogo tu upande kwa upande usishtuke, hiyo ni nafasi ya oili. Ikiwa inaingia na kutoka, au feni inagusa ganda, iache hapo mezani uende zako. Zile za kuiga zisizo na karatasi naziogopa, si kwa sababu ni rahisi, bali kwa sababu feni isiyo na usawa hujila yenyewe kwa mwendo ule, na macho hayawezi kuuona ubaya huo dukani.

Pesa zinazobaki ziende kwenye bomba jipya, filta, oili na gasketi. Kuna mafundi wanaopaka silikoni badala ya gasketi kwenye njia ya oili. Kipande kikibanduka, kinaenda kuziba. Bomba la kurudisha oili nalo literemke vizuri, kwa maana oili hiyo hurudi kwa uzito wake tu. Likiziba, oili huvujia kwenye feni, gari linafuka moshi wa bluu, na tabo nzima inatupwa bure. Kisha kabla ya kuwasha injini, tabo itiliwe oili kwa mkono, jamani, isianze kazi ikiwa kavu!

Nilimuuliza yule mzee kwa nini mafundi wengine hawasafishi bomba. Akacheka, akasema kazi hiyo hailipi, maana mteja haioni. Mpe bili ya kusafisha bomba, atabishana nawe hadi jioni. Mwonyeshe tabo inayong'aa ndani ya nailoni, atatoa pochi bila swali.