Zabibu haimsubiri mnunuzi

Kila msimu unapokaribia, kilio katika vijiji vya Dodoma ni kile kile: zabibu zimeiva, mnunuzi hajaja. Zabibu si mtama. Mtama utakaa ghalani ukisubiri bei, lakini zabibu ikishaiva inaoza ndani ya siku chache. Mnunuzi analijua hilo, na mkulima hupokea bei anayopewa.

Dodoma huvuna mara 2 kwa mwaka, bahati ambayo wenzetu wa Italia hawana. Mavuno ya karibu na Machi lakini hukutwa na mvua, na zabibu iliyolowa huoza upesi zaidi.

Wamisionari wa Kikatoliki walioleta mizabibu Bihawana miaka ya 1950 hawakuhangaika na mnunuzi. Walikamua wenyewe, hatua chache kutoka shambani. Familia zetu zilijifunza kupanda na kupogoa, pipa zikawaachia wengine. Hapo ndipo tulipokosea.

Tunashauri familia zenye mashamba jirani ziungane, zinunue matangi safi ya chakula na kipimo cha sukari, na kuuza mchuzi wa zabibu badala ya matenga. Viwanda vya mvinyo hununua mchuzi pia, na mchuzi uliotengenezwa vizuri unaweza kusubiri bei miezi kadhaa.

Tusidanganyane, kazi hii inataka usafi. Zabibu nyekundu huchachushwa pamoja na maganda yake, maana rangi imo humo. Uchachu ukiisha, tangi lijazwe hadi juu na kufungwa; hewa ikiingia, mchuzi unageuka siki na kiwanda kitaukataa. Tumewahi kuona mtu akimwaga tangi zima kwa ajili ya mfuniko uliolegea.

Wengi tayari wanatumia samadi, na salfa dhidi ya ubwiri unga, ambayo hata kilimo hai kinairuhusu. Ila bila daftari la kila kilichowekwa shambani na bila ukaguzi, mvinyo wao hauwezi kupata alama ya Kilimohai iliyoanzishwa Afrika Mashariki mwaka 2007.

Wataalamu wa utafiti wa zabibu wako Makutupora, si mbali. Halmashauri iwalete vijijini kabla ya mavuno, wafundishe kukamua kama wanavyofundisha kupogoa. Na taratibu za leseni na TBS zielezwe mapema, zabibu zikiwa bado mbichi.