Wahadhiri Wanawake Wapewe Haki Pamoja na Tuzo

Fikra ya vyuo vikuu vyetu kuwatunuku walimu wao wanawake waliotia fora katika kufundisha na katika utafiti ni fikra njema, nasi twaiunga mkono bila ya kusitasita. Lakini yafaa tuseme mapema kwamba cheti kilichotiwa fremu na picha ya pamoja na mgeni rasmi havitoshi. Tuzo ya namna hiyo ina maana pale tu chuo kinachoitoa kimekwisha kumtendea haki yule anayetuzwa. Vinginevyo ni vazi la sikukuu alilovishwa mtu aliyelala na njaa. Twayaandika haya kutoka Malinyi, ndani ya bonde la Kilombero, mahali pasipo na chuo kikuu. Na tutaeleza kwa nini jambo hili latuhusu sisi wa mashambani pamoja na ndugu zetu wa Visiwani.

Visiwani watu hawahitaji kufunzwa kwamba mwanamke aweza kuwa mwalimu. Huko, kama katika mwambao wote, neno chuo lilikuwa la watoto wa Kurani kabla halijapewa Chuo Kikuu, na wengi wetu tulikaa jamvini mbele ya bibi mwenye chuo, aliyetuanzisha alifu kwa ujiti huku sufuria yake ikichemka uani. Hakuna aliyemtilia shaka bibi yule kwa kuwa ni mwanamke. Alipewa ada ndogo na heshima kubwa.

Chuo Kikuu ni jambo jingine, kwani kina mishahara, vyeo, nyumba na kamati, na hapo ndipo mizani hupinda. Mfano ulio wazi kuliko yote katika Afrika Mashariki ni wa marehemu Profesa Wangari Maathai wa Kenya. Mwaka 1971 alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Nairobi, akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na ya Kati kuifikia daraja hiyo. Alifundisha anatomia ya wanyama, na mwaka 1976 akashika uongozi wa idara yake. Hata hivyo, yeye na wahadhiri wenzake wanawake waliona wananyimwa marupurupu waliyopewa wanaume wa daraja ileile, nyumba ikiwa mojawapo, kwa hoja kwamba mwanamke aliyeolewa hutunzwa na mumewe. Ikawabidi wapiganie kitu ambacho mwanaume alikipata kwa kutia sahihi tu. Mwaka 1982 alijiuzulu ili agombee ubunge, akaenguliwa kabla ya kura, na alipotaka kurudi kazini, Chuo kikamkatalia. Miaka 22 baadaye, mwaka 2004, akatunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel huko Oslo. Ndipo Chuo kilekile kikaja kuanzisha taasisi ya amani na mazingira yenye jina lake.

Hatusemi kwamba taasisi ile si heshima. Ni heshima kubwa. Twauliza tu, je, ni wangapi waliokuwa na akili kama yake, ila hawakuwa na ukaidi wake, wakaondoka kimya kimya?

Wapo watakaosema kwamba tuzo ya wanawake peke yao ni upendeleo. Hao twawakumbusha historia yetu wenyewe. Mwezi Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU iliyokutana Musoma iliamua kwamba wanafunzi wasiende Chuo Kikuu moja kwa moja kutoka shuleni, bali wafanye kazi kwanza. Azma ilikuwa njema. Lakini muda si muda ikaonekana kwamba idadi ya wasichana wanaoingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam inashuka, kwa kuwa miaka ile ya kungojea ndiyo miaka ya kuolewa na kuzaa. Mwaka 1976 sharti hilo likaondolewa kwa wasichana. Kanuni moja kwa wote ilikuwa imewalemea nusu yao, ikarekebishwa. Na wale walioingia kwa mlango ule walifanya mitihani ileile waliyofanya kaka zao. Huo si upendeleo.

Wala hatuna upungufu wa wanaostahili. Profesa Esther Mwaikambo, anayetajwa kuwa daktari wa kwanza mwanamke wa nchi hii, alisomea udaktari Urusi ya Kisovieti, akawa miongoni mwa waasisi wa Chama cha Madaktari Wanawake mwaka 1987, na baadaye akaongoza Chuo Kikuu cha Hubert Kairuki. Profesa Verdiana Masanja ndiye mwanamke wa kwanza wa Tanzania kupata udaktari wa hisabati, somo ambalo walimu wengi hata leo humwambia msichana kwamba si lake. Na Profesa Saida Yahya-Othman, mtaalamu wa isimu aliyefundisha miaka mingi Dar es Salaam, ni mmoja wa waandishi watatu wa wasifu mkubwa wa Mwalimu Nyerere uliotoka mwaka 2020. Hawa hawakungoja tuzo.

Wanaoingoja ni wale walio chini yao, yaani mhadhiri msaidizi mwenye mtoto mchanga na madarasa yaliyofurika. Sheria humpa siku 84 za likizo ya uzazi, nalo ni jambo jema. Lakini kupanda cheo kunategemea makala alizochapisha, na makala haziandikwi na mtu anayeamka mara nne usiku. Zaidi ya hayo, wasichana wa chuo wakiwa na shida humwendea yeye. Huwasikiliza, huwaombea ada, huwatafutia vyumba. Kazi hiyo haimo katika fomu yoyote ya kupandisha vyeo tunayoifahamu, ingawa bila ya kazi hiyo wasichana wengi wasingemaliza masomo.

Kisha kuna jambo ambalo wakubwa hawapendi lizungumzwe. Sheria ya kupambana na rushwa ya mwaka 2007 imeitaja rushwa ya ngono kuwa ni kosa, na mwaka 2020 TAKUKURU ilitoa matokeo ya uchunguzi wake juu ya uovu huo katika vyuo vikuu. Lakini miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 2018, mhadhiri mmoja wa kike alipoutaja hadharani, ni yeye aliyeitwa mbele ya kamati kujieleza. Twasema kwa uwazi kwamba ujasiri wa namna ile nao ni utumishi uliotukuka, na kamati yoyote ya tuzo itakayouogopa haitakuwa na haki ya kujiita ya wanawake.

Sasa turudi Malinyi. Msimu wa mpunga ukifika, jamaa nyingi za bonde hili huhamia mashambani, hulala katika vibanda kwa miezi, na mtoto hupanda juu ya dungu kuamia ndege. Mara nyingi anayeachishwa shule kwanza ni binti. Kabla ya tarehe 24 Novemba 2021, Serikali ilipotangaza kwamba waliokatiza masomo, wakiwamo waliopata ujauzito, waruhusiwe kurudi shule, aliyeteleza alikuwa amefungiwa mlango. (Visiwani mlango huo ulifunguliwa mapema zaidi, nasi wa Bara tulichelewa kujifunza.) Waziri aliyelitangaza jambo hilo, Profesa Joyce Ndalichako, ni mwanamke aliyetoka katika ualimu wa Chuo Kikuu. Uamuzi mmoja wa mwalimu wa namna hiyo ulifika mpaka Mtimbira na Ngoheranga.

Bonde hili halikukosa wataalamu. Utafiti wa magonjwa umeota Ifakara tangu watafiti wa Uswisi walipoanza kuja mwaka 1949. Mama wa vijijini wamejibu maswali ya watafiti na kuwatoa watoto wao wapimwe damu kwa miongo mingi. Tangu mwaka 2010 Ifakara pana pia chuo cha elimu ya juu ya afya, kando ya hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Katika kituo cha utafiti wa mpunga hapo hapo, mwanasayansi mwanamke, Dkt. Sophia Kashenge-Killenga, amefanya kazi ya kuzalisha mbegu. Lakini ulizeni wasichana wa sekondari za huku ni nani kati yao amepata kumwona kwa macho mwanamke anayeitwa profesa.

Kwa hiyo twapendekeza kwa Wizara za Elimu, ya Muungano na ya Zanzibar, na kwa mabaraza ya vyuo vyote viwili vya pande hizi, Dar es Salaam na SUZA, kwamba kabla ya kutangaza tuzo, kila chuo kitangaze kwanza orodha ya walimu wake wanawake kwa kila daraja, na nyumba, posho na nafasi za masomo walizopewa, ili wananchi waone. Malezi ya wanafunzi yahesabiwe katika kupanda cheo. Fedha za tuzo ziwe za utafiti, si za karamu. Na mshindi apewe usafiri wa kufika Micheweni na Malinyi. Huku kwetu aje mwezi wa Juni, mpunga ukiwa unavunwa na barabara ya Lupiro imekauka, akae na wasichana siku mbili au tatu, awafundishe somo lake.