Kioo cha taa ya nyuma kilichotengenezwa nyumbani: kinapendeza, lakini je, kinaonekana usiku?

Gari likigongwa kidogo nyuma kwenye foleni, kinachovunjika kwanza mara nyingi ni kioo cha taa. Mwenye gari huanza kuzunguka kwenye maduka ya spea: Gerezani jijini Dar es Salaam, Kirinyaga Road jijini Nairobi, Kisekka jijini Kampala. Kama gari lake ni la aina iliyojaa barabarani, atapata taa iliyotumika, iliyokuja moja kwa moja kutoka Japani au iliyopitia kwa wakata magari wa Sharjah na Dubai. Lakini kama ni Datsun ya zamani, Peugeot 504 au Land Rover aliyoachiwa na babu, ataambiwa haipo, tena kwa mshangao kwamba gari hilo bado linatembea.

Na yanatembea mengi. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka 8, na Uganda mwaka 2018 ilipitisha sheria inayozuia magari yaliyozidi miaka 15. Sheria hizo zinahusu siku gari linapoingia nchini. Likishaingia, linaweza kuishi miaka 20 au 30 mingine, wakati kiwanda kilicholitengeneza kimeshaacha kutoa spea zake.

Ndiyo maana kazi ya kutengeneza vioo vya taa za nyuma nyumbani, ambayo kwa wengi ni mambo ya video za mtandaoni, kwetu ina wateja wa kweli. Kuna anayetafuta urembo, na kuna asiyetaka kusimamishwa na trafiki kwa taa iliyozibwa kwa selotepu nyekundu. Katika makala haya tunaeleza kazi hiyo inavyofanyika, na sehemu moja ambayo fundi wa nyumbani huikosa bila yeye wala mteja wake kujua.

Kioo kisicho kioo

Tunakiita kioo kwa mazoea, kwa kuwa taa za magari ya mwanzo zilikuwa na vioo kweli. Siku hizi karibu vyote vya nyuma ni plastiki ya akriliki, jamaa wa ile inayotumika kwenye mabango ya maduka. Akriliki inapendwa kwa sababu inavumilia jua kwa miaka mingi bila kugeuka manjano. Mafundi wa California waliokuwa wakirembesha magari miaka ya 1950 waliijua mapema, wakaichonga kwa mkono na kuing'arisha kuwa taa za maumbo waliyoyataka. Wasiopenda kuchonga walichukua taa za Cadillac ya 1959, zile zenye ncha kama risasi, wakazipachika kwenye magari mengine kabisa.

Fundi wa leo ana njia mbili. Ya kwanza ni kumimina. Anahitaji kioo cha mfano, na lazima kiwe cha upande uleule, kwani ni kama viatu: cha kushoto hakivaliki mguu wa kulia. Kama kilichopo kimevunjika, vipande vinaunganishwa kwa supaglu, pengo linajazwa, kisha linapigwa msasa hadi lisionekane. Halafu mfano huo unafunikwa kwa silikoni ya maji katika sehemu mbili, ya nje na ya ndani. Silikoni ikishakaza, mfano unatolewa na kubaki uwazi wenye umbo lake kamili, hata mikwaruzo yake. Ndani ya uwazi huo inamiminwa resini iliyochanganywa na hadina na rangi nyekundu inayopitisha mwanga. Sehemu ya indiketa inamiminwa peke yake kwa rangi ya chungwa.

Resini inayopatikana kwa urahisi kwetu ni ile ya mafundi faiba, wanaotengeneza maboti na matangi. Ni rahisi kuliko nyingine, lakini ndiyo yenye matatizo zaidi. Inanywea inapokaza, inapasuka ikiwa nene, na jua la nje huibadilisha rangi mapema. Resini ya epoksi hainywei sana, ila nayo hugeuka manjano, na aina nyingi za kawaida huanza kulainika kwenye joto la nyuzi 50 au 60. Hilo si joto la ajabu kwa taa ya gari lililoegeshwa juani mchana, huku balbu ya breki ya wati 21 ikiwaka ndani kwa sababu dereva amekanyaga pedali kwenye foleni.

Njia ya pili ni kupasha moto karatasi ya akriliki hadi nyuzi joto kati ya 150 na 170, ikalegea kama chapati, kisha kuikandamiza juu ya umbo la mbao. Kioo hupatikana haraka na kinavumilia jua, lakini ni laini ndani na nje. Ulaini huo, kama tutakavyoona, una gharama yake.

Kabla hatujaendelea, tahadhari mbili. Hadina ya resini ya faiba ikiruka jichoni inaweza kuharibu jicho kabisa, na mvuke wa resini hiyo haufai kuvutwa chumbani, hivyo vaa miwani na fanyia kazi nje. Na jiko la kuokea mikate lisitumike kupasha plastiki.

Rangi si kazi yote

Ukimuuliza mtu kazi ya kioo cha taa ya nyuma, atakwambia ni kufanya mwanga uwe mwekundu. Ni kweli, lakini hiyo ni kazi moja kati ya tatu.

Ya pili ni kusambaza mwanga. Waya unaowaka ndani ya balbu ni mdogo kuliko punje ya mchele, na anayekuja nyuma yako hayuko sawa na taa yako kila wakati. Ndiyo maana kioo cha kiwandani, hasa cha magari ya zamani, kina mistari na vijipembe upande wa ndani. Hivyo si urembo, vinapinda mwanga kwenda kushoto na kulia ili hata wa njia ya pembeni auone. Kanuni za Umoja wa Mataifa, ambazo Japani na nchi za Ulaya zinazifuata, zinataka taa ya breki ikitazamwa uso kwa uso itoe angalau kandela 60, na taa ya kawaida ya usiku angalau kandela 4. Tofauti hiyo ni kubwa kwa makusudi. Dereva wa nyuma hapimi mwanga, anaona tu kwamba umeongezeka ghafla, naye anakanyaga breki.

Kioo kikiwa kinene au rangi ikikolea kupita kiasi, mwanga unapungua na tofauti hiyo inapotea. Kioo laini cha akriliki nacho kinaonyesha nukta moja kali katikati na giza pembeni. Wapo wanaodhani dawa ni kuweka taa za LED nyeupe nyuma ya kioo chekundu. Mwanga wa LED nyingi nyeupe una wekundu kidogo, hivyo kioo kinazuia sehemu kubwa yake. Inayofaa nyuma ya kioo chekundu ni LED nyekundu. Wengine, wenye vioo visivyo na rangi, huweka balbu nyeupe ya kawaida palipohitaji nyekundu, na gari likifunga breki anayekuja nyuma anadhani linarudi kinyumenyume.

Mtindo wa vijana wa kupulizia vioo rangi nyeusi hatutaueleza sana. Kwa maoni yetu ni kulipa pesa ili usionekane.

Sehemu inayofanya kazi gari likizimika

Kazi ya tatu ndiyo iliyotufanya tuandike. Tazama kioo cha taa ya nyuma kwa karibu na utaona, ama ndani yake ama chini kwenye bampa, kipande chenye vijumba vidogo kama sega la nyuki. Hiyo ni rifleta. Haina waya wala balbu. Kila kijumba kina kuta tatu zilizokutana kwa pembe ya nyuzi 90, kama kona ya chumba, na mwanga ukiingia hugonga kuta hizo na kurudi kulekule ulikotoka. Taa za lori linalokuja nyuma zinapoipiga, mwanga unamrudia dereva wa lori hilo. Betri yako inaweza kuwa imekufa, fyuzi imeungua, nyaya zimekatwa, na bado unaonekana.

Kwa barabara zetu hicho ni kitu kikubwa. Kila anayesafiri usiku kati ya Mombasa na Nairobi, au kati ya Dar es Salaam na Mbeya, ameona majani ya miti yaliyotupwa lami kuashiria gari bovu mbele. Majani hayo hayarudishi mwanga. Ukiyaona, mara nyingi umeshayafikia. Shirika la Afya Duniani katika ripoti yake ya 2023 lilikadiria kuwa watu milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka duniani, na kwamba Afrika ina kiwango kikubwa zaidi cha vifo kulingana na idadi ya watu. Hatusemi kwamba wote hao wameuawa na taa mbovu. Tunasema gari lililosimama gizani bila kitu cha kurudisha mwanga ni mtego, liwe lori au gari dogo.

Silikoni inanakili vijumba vya rifleta vizuri kiasi kwamba nakala ikitoka, kwa macho ya mchana, huwezi kuitofautisha na mama yake. Lakini resini inapokaza inanywea. Kuta zinapinda kidogo sana, pembe haiwi tena nyuzi 90 kamili, na mwanga badala ya kumrudia dereva unatawanyika kwenda vichakani. Uso wa vijumba nao unatakiwa kung'aa kama kioo cha kujitazamia, jambo ambalo msasa na polishi haviwezi kulifanya ndani ya vishimo vidogo hivyo.

Hata rifleta nzuri ya kiwandani inaweza kuuawa wakati wa kuifunga. Nyuma ya vijumba lazima kuwe na hewa tupu. Fundi akipaka gundi sehemu yote ya nyuma ili ishike vizuri, au taa ikiingiza maji ya mvua, mwanga unapenya na kupotea badala ya kurudi. Gundi inatakiwa kupita ukingoni tu.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalifikirii. Taa nyingi za kiwandani zina alama iliyochongwa kwenye plastiki yenyewe: herufi E ndani ya duara pamoja na namba ya nchi iliyoidhinisha, kwa mfano 43 kwa Japani, na herufi zinazoeleza kazi ya kila sehemu, kama IA kwa rifleta. Silikoni inanakili na alama hiyo pia. Hivyo kioo kilichomiminwa uani jana kinaingia barabarani kikiwa na muhuri wa kupimwa maabara. Fundi hakukusudia kughushi, lakini anayekinunua baadaye mkononi kwa mtu mwingine atadhani ni halisi. Tunadhani fundi mwaminifu angeisugua alama hiyo kabla ya kukabidhi kazi.

Nani anapima?

Sheria za usalama barabarani za nchi zetu zinadai taa nyekundu nyuma ya gari usiku, na askari akikusimamisha atatazama kama inawaka. Kuwaka ni jambo moja na kutosha ni jingine. Ukaguzi mwingi hufanyika mchana, na rifleta iliyokufa mchana haijulikani.

Hatuungi mkono wazo la kuwapiga marufuku mafundi hawa. Ukimnyima mwenye Peugeot 504 kioo cha kumimina, hatanunua kipya kisichokuwepo, atarudi kwenye selotepu. Linalowezekana ni kupima. Taa ya breki yenye kandela 60, ukiiweka mita 3 kutoka kwenye kipimo cha mwanga katika chumba chenye giza, inatoa takriban luksi 7. Kipimo cha kufanya hivyo ni kifaa cha mkononi, hakihitaji maabara kubwa. Kituo cha ukaguzi, chuo cha ufundi au hata chama cha mafundi kingeweza kuwa nacho. Rifleta zenyewe si za kutengeneza, ni za kununua: zile za duara au za mstatili zinazouzwa kwa ajili ya trela zinabandikwa chini ya taa mpya na kazi inakamilika.

Kwa sasa kipimo alichonacho kila mtu ni tochi. Usubiri usiku, uliegeshe gari mahali penye giza na uzime taa zote. Rudi nyuma hatua 30 hivi, ushike tochi ubavuni mwa jicho, si kiunoni, kwa sababu mwanga unarudi ulikotoka na ukishika chini utarudi kiunoni. Mulika upande wa kushoto, kisha wa kulia. Rifleta nzima itawaka nyekundu kana kwamba ina balbu ndani yake. Iliyokufa itakuonyesha plastiki tu.