KODI YA MAPATO: MASWALI YA WANACHAMA NA MAJIBU YETU

Kila inapokaribia tarehe 30 Juni, ambayo ndiyo siku ya mwisho ya kupeleka kwa Mamlaka ya Mapato ya Kenya hesabu ya mapato ya mwaka uliopita, huletwa kwetu maswali yale yale. Wengine huandika kwa upole, wengine kwa hasira, na wako wanaoandika kana kwamba sisi ndio tuliowakata kodi. Tumeona yafaa kuwajibu wote mahali pamoja, na pamoja na majibu tutoe shauri letu, kwa maana wako wenzetu wengi wanaopoteza fedha zao za halali kwa kutouliza tu.

Swali la kwanza ni la wale waliopandishwa cheo. Wamesikia ati mtu akiongezwa mshahara akavuka kipimo fulani, kodi mpya huushika mshahara wote, hata akapokea pungufu kuliko mwanzo. Habari hiyo si kweli, nayo imewatia hofu watu bure. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2023, shilingi 24,000 za kwanza za kila mwezi hutozwa asilimia 10. Shilingi 8,333 zinazofuata hutozwa asilimia 25. Kisha kutoka hapo mpaka shilingi 500,000 hutozwa asilimia 30. Viko viwango viwili vingine juu yake, cha asilimia 32.5 na cha asilimia 35, lakini hatudhani kwamba wengi wa wasomaji wetu watakosa usingizi kwa ajili yake. Kila fungu hutozwa peke yake. Anayeongezwa shilingi 1,000 juu ya shilingi 40,000 atatozwa asilimia 30 ya hiyo elfu moja, wala zile 40,000 hazitaguswa upya.

Baada ya kuhesabu hivyo, kila mkaaji wa nchi hupunguziwa kodi yake kwa shilingi 2,400 kwa mwezi. Msomaji atazame: asilimia 10 ya shilingi 24,000 ni shilingi 2,400 barabara. Ndiyo maana husemwa kwamba mwenye mshahara wa 24,000 hatozwi kitu. Kiasi hicho kiliwekwa mwezi wa Aprili 2020, wakati wa maradhi ya korona, na tangu hapo bei ya unga, nauli na karo hazikukingoja.

Sasa twaja kwenye jambo ambalo twaliona kuwa zito kuliko yote, nalo ni makato yanayostahili kuondolewa kabla kodi haijahesabiwa. Zamani mfanyakazi aliweza kuondoa mchango wake wa uzeeni, lakini fedha za bima ya afya ya jamii na za nyumba za bei nafuu zilibaki ndani ya mapato yatozwayo, naye akapewa nafuu ndogo tu kwa njia nyingine. Sheria iliyoanza kazi tarehe 27 Desemba 2024 ilibadili mambo. Mchango wa bima ya afya, ambao ni asilimia 2.75 ya mshahara wote, na ule wa nyumba, ambao ni asilimia 1.5, yote miwili huondolewa kwanza. Kadhalika kipimo cha mchango wa uzeeni uwezao kuondolewa kiliongezwa kutoka shilingi 20,000 hadi 30,000 kwa mwezi.

Tuseme karani ana shilingi 50,000 kwa mwezi pamoja na posho zake, na mchango wake wa uzeeni ni shilingi 3,000. Bima ya afya itachukua 1,375, na nyumba 750. Mapato yatozwayo yatakuwa shilingi 44,875, na kodi yake, baada ya kupunguziwa zile 2,400, itakuwa shilingi 5,845 na senti 85. Lakini ikiwa ofisi yake imesahau kuondoa bima na nyumba, atatozwa shilingi 6,483 na senti 35. Tofauti ni shilingi 637 na senti 50 kila mwezi, yaani shilingi 7,650 kwa mwaka mzima. Kwa mtu wa mshahara huo hizo si fedha chache. Hesabu hii kila mwanachama aweza kuifanya mwenyewe kwa kalamu na hati yake ya mshahara, na twamsihi aifanye mwezi huu huu.

Wengine wameuliza kwa nini posho ya nyumba na posho ya usafiri wa kila siku hutozwa kodi, hali si mshahara. Jibu ni kwamba sheria huzihesabu fedha taslimu alizopewa mtu kwa ajili ya kazi yake kuwa mapato, ziitwe kwa jina lolote. Manufaa yasiyo ya fedha yana hukumu nyingine: yakiwa hayazidi shilingi 5,000 kwa mwezi hayatozwi. Na posho ya safari ya kazi ilifunguliwa kidogo kuanzia Julai 2025, kwani shilingi 10,000 za kwanza kwa siku huhesabiwa kuwa malipo ya gharama tu, ambapo kabla yake zilikuwa 2,000. Yeyote aliyelala ugenini Lodwar au Garissa kwa kazi ya Serikali anajua kwamba zile 2,000 zilikuwa za kuchekesha.

Nafuu nyingine hazimjii mtu mpaka azifuate. Mwenye bima ya maisha, ya afya, au ya elimu iliyoandikwa kwa miaka isiyopungua 10, hupunguziwa kodi kwa asilimia 15 ya malipo yake, mradi isizidi shilingi 5,000 kwa mwezi. Alipaye shilingi 4,000 kila mwezi hupata nafuu ya 600. Mwenye mkopo wa nyumba akaayo mwenyewe aweza kuondoa riba isiyozidi shilingi 30,000 kwa mwezi katika mapato yake. Ni riba tu, wala si mkopo wenyewe, na mkopo wa karo hauingii hapa. Wenzetu wenye ulemavu waliopewa cheti na Mamlaka hawatozwi kodi katika shilingi 150,000 za kwanza za mwezi. Cheti hicho kina mwisho wake, basi wakiangalie kisije kikaisha muda kabatini.

Je, aliyekatwa kupita kiasi hurudishiwa? Ndiyo. Hupeleka hesabu yake katika iTax, akaonyesha nafuu aliyokosa na vyeti vyake, na hesabu ikionyesha ziada huomba arudishiwe. Sheria humpa miaka mitano tangu alipolipa kodi hiyo. Walakini shauri letu ni kwamba njia hiyo iwe ya mwisho. Fedha huingia katika hazina kwa mbio na kutoka kwa kutambaa, na mwombaji huweza kuulizwa karatasi ambazo alikwisha kuzitupa. Kwa miaka mingi baadhi ya maofisi yalizoea kumwambia mtu, "Wewe lipa, kisha utadai." Tangu tarehe 1 Julai 2025 hawana tena udhuru huo, kwa kuwa Sheria ya Fedha ya mwaka 2025 imemlazimisha mwajiri kuzitia nafuu zote zimpasazo mfanyakazi wakati wa kuhesabu kodi ya mwezi. Twasema wazi: karani wa mishahara aliyepokea cheti cha bima akakiweka mtoni asikiingize katika hesabu, hafanyi hisani anapoombwa tena. Ni wajibu wake.

Aliyehama kazi katikati ya mwaka achukue fomu P9 kwa waajiri wote wawili, maana nafuu ya 2,400 hupewa mtu mara moja tu kwa mwezi mmoja, na waajiri wawili wakiitoa pamoja, deni litamwangukia yeye. Na yule aliyekatwa kodi yote kazini bado yampasa kupeleka hesabu. Wako wanaojaza sifuri ili wamalize upesi, nao hujiandikia kwamba hawakupata hata senti, hali mwajiri ameandika vingine. Anayechelewa hutozwa faini isiyopungua shilingi 2,000. Ambaye hajapewa P9 yake na aidai sasa kwa barua, abaki na nakala iliyopigwa mhuri wa kupokelewa, na ikipita wiki mbili bila jibu alete nakala hiyo kwa katibu wa tawi lake.