Eti Muziki ni Kelele?
Kila tukiomba kompyuta moja kituoni ya kutengenezea midundo, jibu ni lile lile: jifunzeni kushona, tengenezeni sabuni, muziki ni kelele. Jamani! Rey Sapienz ni mtoto wa Congo kama sisi. Mwaka 2012 alikuja Kampala kwa kazi ya muziki, vita ikamkatia njia ya kurudi. Hakukaa akilia. Alichanganya midundo ya kwetu na tekno, akashiriki kuanzisha lebo ya Hakuna Kulala, na 2021 ikatoka albamu yake Na Zala Zala. Cherehani siidharau, mama yangu anatulisha nayo. Ila wababa, wamama, na nyinyi wa mashirika, msituchagulie ndoto. Leteni hiyo kompyuta. Sabuni tutaendelea kutengeneza.