EU, Huko Aktiki Ni Kwa Wenyewe

Wasee, hebu tuongee kuhusu hii Umoja wa Ulaya na kiherehere chake huko Aktiki.

Baraza la Aktiki lilianzishwa 1996. Wanachama ni nchi 8 zenye ardhi kule, na mashirika 6 ya wenyeji, kama Wainuit na Wasami, yana nafasi ya kudumu. Hao ndio wenye boma.

EU ikaomba kiti cha mtazamaji 2008. Mwaka uliofuata ikafanya nini? Ikapiga marufuku bidhaa za sili! Eti Wainuit wameachiwa mlango wauze. Wamuuzie nani sasa? Ukishaambia wateja ngozi ya sili ni aibu, hakuna mtu atauliza nani aliwinda.

Ndio maana Kanada ilikaza 2013 kule Kiruna. Uchina na India wakapewa utazamaji, EU ikaambiwa ingoje.

Najua mtasema Sweden, Finland na Denmark ni za EU. Sawa, na si wako na viti vyao tayari? Hata Greenland, ambayo ndiyo inaifanya Denmark kuwa nchi ya Aktiki, ilipiga kura 1982 na kutoka Jumuiya ya Ulaya 1985. Mtu akihama kwako, unamfuata na sheria za nini?

Barafu inayeyuka, hiyo sibishi. Leteni utafiti, leteni pesa. Lakini sheria waachieni wanaoishi hapo.

Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu hata hajakaribishwa, na mwenyeji ashaumia.